Simu Zilizo Nyuma ya Ukuta

Taitung, 6 Machi

Kwa Meng-ju, binti wa marehemu kaka yangu,

Salamu. Sisi huku wazima, kama bado unajali kujua. Mvua haijanyesha ya maana tangu mwaka mpya, matopetope ni madogo lakini matamu, na dereva wangu Kacaw amepata mjukuu wa kike ambaye tayari ana sauti ya kuita gari ng'ambo ya mto. Mama yako yuko kule kule Luye na kuku wake.

Nakuandikia barua kwa sababu umeizuia namba yangu. Tangu mazishi ya baba yako kila nikikupigia naambiwa hupatikani. Haya, mwanangu, posta haina kitufe cha kumzuia shangazi. Hata ukiichana hii, utakuwa umeishika.

Sasa neno lenyewe. Nimeweka simu mpya ofisini. Kampuni ya simu ilisema inang'oa nyaya za zamani mtaa mzima. Akaja muuzaji mmoja, Bwana Tu, mtu wa maneno matamu na suruali iliyopigwa pasi, akaleta mtambo mdogo kama boksi la keki na simu za mezani, zote zinapita kwenye intaneti. Akafunga, akanywa chai, akaondoka. Tangu siku hiyo nataka kulia. Simu inaita, nainua, "Halo? Halo?" Kimya. Mtu wa upande wa pili ananisikia vizuri kabisa, mimi simsikii hata pumzi. Na ofisi ikitulia kidogo, kama wakati wa chakula, simu haziiti kabisa. Mgonjwa anapiga, kwake inaita, kwangu hakuna kitu.

Kazi yangu unaijua. Watu ninaowabeba wanakwenda kusafishwa damu kwa sababu figo zao zimekufa. Hawa si watu wa kuchelewa sinema.

Bwana Tu anasema kosa si lake, ni la ule ukuta wako wa intaneti, kile kisanduku ulichokifunga baada ya wezi wa mtandaoni kutufungia kompyuta yenye majina ya wagonjwa wote. Neno la siri la kukifungua unalo wewe peke yako. Sitaki hotuba. Liandike kwenye karatasi, tia kwenye bahasha, tuma.

Shangazi yako,
Tsai-o


Hsinchu, 21 Machi

Shangazi,

Salamu kwako, na hongera kwa Kacaw. Mimi mzima. Upepo wa huku umeng'oa paa la kituo cha basi, na kazini tunahamisha mitambo ya kiwanda kizima, kwa hiyo nisamehe kuchelewa, au usinisamehe, vyovyote upendavyo.

Habari za mama sihitaji kupewa kwa mstari mmoja. Naongea naye kila Jumapili. Ananiambia ana kikundi chake cha kucheza ngoma uwanja wa hekalu, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, ndiyo maana siku hizo hapatikani. Nimefurahi. Angalau kuna mmoja katika familia hii anayecheza.

Neno la siri sikupi. La kwanza nilikupa, ukaliandika kwa wino mwekundu ukalibandika kwenye friji, mahali anapopita kila muuza maji. Na hata ningetaka kuufungua nikiwa huku, siwezi. Niliufunga usiguswe na mtu aliye nje, hata mimi mwenyewe. Lazima mtu akae mbele yake.

Ukuta haujakosea. Unafanya nilichouambia: kinachotoka kipite, kinachokuja bila kuitwa kirudi kilikotoka. Mtambo wako uko ndani. Mgonjwa akipiga, mtambo unajibu, "Sauti yako niletee chumba cha tano." Chumba cha tano cha nyumba gani? Kampuni ya simu iko nje barabarani, haivijui vyumba vyako. Inatuma sauti ya mgonjwa, sauti inapotelea njiani. Ya kwako inatoka kwa sababu kutoka hakuzuiwi. Na hizo simu zisizoita: ukuta ukiona njia haitumiki, unaifunga. Mtambo ulitakiwa kuwa unagonga mara kwa mara, "bado nipo, usifunge." Bwana Tu hakuuelekeza hivyo. Fundi anayejua kazi yake huuliza haya kabla ya kuchomoa waya wa zamani. Aliuliza? Na wewe ulimuuliza nini zaidi ya bei, au pasi ya suruali ilitosha?

Mwambie aniandikie mambo mawili. Sauti za kampuni ya simu zinatokea anwani zipi? Mtambo wake unapokelea milango ipi? Akiyajua, tutafungua hiyo tu. Asipoyajua, achukue boksi lake la keki aondoke.

Meng-ju


Taitung, 9 Aprili

Meng-ju,

Salamu. Kaburi la baba yako tumelifagia, nyasi tumeng'oa, karatasi za pesa za marehemu tumechoma, na wali wa njano aliokuwa anaupenda tumemwekea. Mama yako alikaa kwenye kiti cha plastiki kivulini. Watu waliuliza binti yuko wapi. Nikasema yuko kazini. Wakatingisha vichwa kwa ule utaratibu wao, unaujua.

Jambo la pembeni: usimtumie mama yako machungwa tena, wala zile ndizi zilizokaushwa. Usiniulize kwa nini. Boksi zima amenipa mimi, na madereva wamelimaliza.

Nimempa Bwana Tu maswali yako. Aliyasoma kama mtu anayesoma maandishi ya dawa.

"Mama mkubwa," akaniambia, "mwambie huyo binti afungue yote, mambo yaishe."

"Yote yapi?"

"Milango yote. Mtambo uongee na dunia."

"Na wezi?"

"Wezi gani tena? Nani aibe simu ya mgonjwa wa figo?"

Halafu akatoa sindano mfukoni. Akasema nyuma ya ukuta wako kuna kitundu, ukikibonyeza kwa muda unasahau kila kitu, neno la siri na mengine yote, unabaki mtupu kama siku ulipotoka dukani. Akainama kabisa abonyeze. Nilimpiga kofi mkononi mpaka sindano ikaruka chini ya kabati. Usijisifu, sikufanya hivyo kwa ajili yako. Naikumbuka wiki ile ambayo hatukujua tumchukue nani wapi.

Lakini sasa nifanye nini? Wagonjwa nimewapa namba ya Kacaw. Kacaw anaendesha kwenye kona za mlimani, simu iko sikioni, nyuma yake wazee sita wanapiga kelele kwamba atawaua kabla figo hazijawaua. Na si wote wanaomudu namba mpya. Wengine namba ya ofisi imebandikwa ukutani kwao kwa tarakimu kubwa kama viatu, na hiyo ndiyo watakayopiga mpaka wafe.

Unasema lazima mtu akae mbele ya ukuta. Basi njoo ukae mbele yake. Treni zipo. Hukuja kwa ajili ya kaburi la baba yako, njoo kwa ajili ya kisanduku chako.

Tsai-o


Hsinchu, 4 Mei

Shangazi,

Salamu. Barua yako nimekaa nayo karibu mwezi. Kila nikianza kuijibu naona naandika matusi, nachana.

Wacha niseme moja tu. Siku ya mazishi ulisimama mbele ya majirani wote, sahani mkononi, ukasema, "Huyu anatunza mashine, watu anawaacha wafe wenyewe." Nilikuwa nimesimama na nguo ya msiba. Sikukujibu kwa sababu mama alinishika mkono. Leo unaniandikia nije nitunze mashine. Vizuri sana! Mashine zikikufaa, mimi ni mwanao. Zisipokufaa, mimi ni muuaji.

Na machungwa ni ya mama yangu. Sikumbuki kukuuliza. Nimemtumia boksi jingine.

Kuhusu sindano, ulifanya vyema. Tu akiurudia ukuta huo, mpige tena.

Nitakuja Julai, kazi ya kiwanda ikiisha. Siwezi kabla. Mpaka wakati huo fanya hivi, ambavyo Bwana Tu angekuwa fundi angekuambia siku ya kwanza: nenda kampuni ya simu na kitambulisho chako, uwaombe namba ya ofisi waielekeze kwenye simu ya mkononi. Nunua simu ya bei rahisi, iweke mezani, isiondoke hapo. Ile mitambo yote iache imelala mpaka nifike. Nikija nitazima kitu kimoja ndani ya ukuta kinachojidai kuzisaidia simu. Kinafungua maneno ya mtambo njiani, kinayaandika upya, kinayaharibu. Nina hakika nusu ya balaa inatoka kwake.

Hilo la kampuni ya simu lifanye leo, Shangazi. Tafadhali. Nina hasira nawe lakini wazee hao hawajanikosea.

Meng-ju


Taitung, 8 Mei

Meng-ju,

Barua yako imefika Jumamosi. Ungeiandika wiki moja mapema ingenikuta bado naweza kuitumia.

Niliapa nisikwambie ninayokwambia sasa. Niliapishwa mbele ya picha ya baba yako, uvumba unawaka. Sasa navunja kiapo na kama kuna adhabu iniangukie, nimechoka.

Hakuna kikundi cha ngoma. Hakijawahi kuwepo. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa mama yako anapanda gari langu. Tangu Oktoba. Figo zake zimekufa zote mbili, kwa presha, kimya kimya, wakati sisi sote tunamlilia baba yako. Machungwa yako na ndizi zako ni sumu kwake, zinasimamisha moyo. Ndiyo maana nilikuambia usitume. Umetuma tena. Nimelichukua boksi mlangoni kwake kabla hajaliona.

Jumatano iliyopita gari la Kacaw lilipasuka gurudumu kabla ya kufika Luye. Nilikuwa naongea naye kwenye simu yangu ya mkononi, namfokea kuhusu gurudumu la akiba. Mama yako alikuwa amesimama barabarani na kikapu chake na blanketi. Akampigia Kacaw, akanipigia mimi, simu zote mbili zinatumika. Akapiga ofisini.

Nikainua. "Halo?" Kimya. Kacaw anaongea sikio hili, sikio lile kimya. Nikasema, unataka kujua nilisema nini? Nikasema, "Kama huna cha kusema usinipigie, mpumbavu wewe!" Nikaiweka. Ikaita tena. Niliiinua nikaishusha bila hata kuipeleka sikioni.

Yeye alinisikia. Neno kwa neno. Alikuwa ananiambia, "Wifi, gari halijafika, nifanyeje?" na mimi namjibu hivyo.

Hakupiga tena. Unamjua mama yako. Akaamua ateremke kwa miguu mpaka stesheni. Kwenye mteremko wa mashamba ya chai akaanguka, simu ikaruka majanini, kifundo cha mkono kikavunjika. Kacaw alipofika akapiga honi getini, akapiga simu, hakuna jibu. Tukadhani amekwenda kwa jirani. Wachuma chai walimkuta alasiri. Walipomfikisha hospitali maji yalikuwa yamemjaa kwenye mapafu, anavuta hewa kama samaki. Walimsafisha siku hiyo hiyo. Sasa anapumua, anakula uji, na ametukataza sote tusikupigie.

Haya. Ukuta wako umekaa salama. Majina ya wagonjwa hayajaibwa. Mama yako ndiye aliyebaki nje.

Kwa nini alinikataza nisikwambie? Hilo silisemi. Muulize mwenyewe.

Tsai-o


Hsinchu, stesheni, 10 Mei

Shangazi,

Sina salamu.

Naandika hapa stesheni kwa sababu nikifika kwenu nitakuwa mbele ya mama na haya sitaweza kuyasema. Pengine nitafika kabla ya barua. Utaisoma nikiwa nimekaa mezani kwako. Isome tu.

Tangu Oktoba! Uliniandikia kuhusu kuku. Uliniandikia kuhusu mjukuu wa Kacaw. Ulinisuta kwa kaburi la baba, ukaniambia treni zipo, ukaniambia njoo kwa ajili ya kisanduku. Ungeandika maneno mawili tu, "mama anaumwa," ningekuja kwa miguu. Ukachagua kuniita kwa kila jina isipokuwa lile moja ambalo lingenileta.

Halafu baada ya kuanguka kwake unasubiri siku tano, na unaniandikia kwamba ni ukuta wangu. Mtambo sikuununua mimi kwa Tu. Simu inayosikika upande mmoja si mimi niliyeiacha mezani, iendelee kupokewa siku baada ya siku na mtu anayejua kwamba hasikii. Ulijua husikii! Ulijua kwamba kila anayenyamaza anaongea. Ulinieleza wewe mwenyewe Machi.

Na mimi nilikaa mwezi mzima na barua yako kwa sababu ya sahani ya msiba. Hilo sihitaji unikumbushe.

Treni inaingia.

Meng-ju


Hsinchu, 11 Juni

Shangazi,

Salamu kwako, kwa Kacaw na kwa wote wa garini. Nimefika salama, nimekuta kazi imenisubiri kama mke mwenye kinyongo. Kiwanda kimenipa karipio la maandishi kwa kuondoka bila ruhusa. Nimelisaini.

Kwanza mambo ya ofisi, ili tusiyachanganye na mengine. Yule msaidizi mharibifu ndani ya ukuta nimemzima. Yeyote atakayekuambia umwashe, mfukuze. Mlango niliofungua ni mwembamba, anayeingia ni kampuni ya simu peke yake. Mtambo sasa unajua anwani ya nyumba na si ya chumba tu, na unagonga mara kwa mara usifungiwe. Siku ukibadilisha kampuni ya intaneti, anwani ya nyumba itabadilika na sauti itapotea tena. Usisubiri. Niambie saa hiyo hiyo. Neno la siri liko kwa wakili wa barabara ya stesheni, kwenye bahasha yenye lakiri. Si kwenye friji.

Nakiri nilicheka Kacaw alipopiga kutoka nje kutujaribu. "Mama Mkuu, unanisikia?" Ukakaa kimya na simu sikioni, nikadhani bado haifanyi kazi. Kumbe unalia. Halafu ukamwambia, "Nakusikia, mjinga wewe, na pesa ya gurudumu la akiba nimeikata kwenye mshahara wako." Akauliza kama tunaweza kurudi kwenye ile simu ya zamani isiyosikia.

Sasa lile uliloniuliza stesheni, nikapanda treni bila kukujibu. Uliniuliza niliongea nini na mama pale barazani, siku ile mlisikia kiti kinaanguka.

Nilimuuliza kwa nini alinificha. Akasema hakutaka kunisumbua. Nikamwambia mama, usinifanye mtoto. Akaendelea kumenya maharage kwa mkono mmoja, ule mwingine una plasta, hataki nimsaidie. Nikamwambia, "Nina figo mbili." Hapo ndipo aliposimama na kiti kikaanguka.

"Unaona?" akasema. "Unaona? Ndiyo maana! Nilijua utatamka hayo kabla hujavua viatu!"

"Moja inanitosha, mama."

"Nani kakuambia? Wewe ni daktari? Nilikuzaa mzima, nitakuacha mzima."

"Kwa hiyo uende kwenye mashine mpaka lini?"

"Mpaka nife! Mbona baba yako alikufa? Watu hufa, Meng-ju. Siuzi mwili wako ninunue miaka yangu."

Nikapandisha sauti. Mimi, kwa mama yangu, mama mgonjwa. Nilimwambia kwamba alimficha baba kwamba niliugua mpaka nikafeli chuo, akanificha mimi ugonjwa wake, akakufundisha na wewe kuficha, na kwamba nyumba hii kila mtu anamhurumia mwenzake mpaka anamvunja mifupa. Akaniambia nitoke barazani kwake. Nikatoka. Ndiyo maana mlinikuta bandani kwa kuku.

Wewe ulikuwa unajua sababu yake muda wote. Sasa naelewa kwa nini hukutaka kuiandika. Sijakusamehe, lakini naelewa.

Jambo la mwisho, na hili ni kwako peke yako. Nimekwenda hospitali moja Taipei. Wamenitoa damu ya mwanzo na wamesema kundi la damu linaafikiana na la mama. Kuna vipimo vingine vingi, nimepangiwa mwanzo wa Julai. Usimwambie mama. Akijua sasa atakataa hata kabla hatujajua kama inawezekana. Nitamwambia mwenyewe majibu yote yakitoka. Wewe ni hodari wa kutunza siri, umelithibitisha hilo. Nitunzie na hii.

Meng-ju


Taitung, 20 Juni

Meng-ju,

Salamu nyingi. Simu zinafanya kazi, zinafanya kazi kupita kiasi, sasa nasikia malalamiko yote niliyokuwa nimepumzishwa. Bwana Tu amepita kudai kwamba yeye ndiye aliyenishauri nimwite fundi wa ukuta. Nilimwonyesha mlango, akaufuata. Matopetope yamekwisha, sasa ni joto tu na nzi.

Siri yako sikuitunza.

Usikimbilie kukasirika, soma mpaka mwisho, kisha ukasirike vizuri. Barua yako ilinifikia Jumatatu asubuhi. Nikaisoma nimesimama. Nilipofika kwenye "nitunzie na hii" damu ilinipanda mpaka machoni. Mwanangu, wewe hujifunzi? Umekuja hapa umetupigia kelele sote kuhusu kuficha, kiti kimeanguka, kuku hawakutaga, halafu unarudi kwako unanikabidhi siri mpya nimfiche mtu yule yule? Niliyabeba ya mama yako miezi saba. Nimemwacha mwanamke huyo aniite kwenye simu bila kumsikia. Sitabeba tena ya mtu yeyote, awe hai awe marehemu.

Kwa hiyo Jumatano nilimwambia Kacaw leo naendesha mimi. Nikamchukua mama yako Luye, nikamfunga mkanda, nikawachukua na wengine, na tulipofika penye taa nyekundu karibu na daraja nikatoa barua nikaisoma. Kwa sauti. Mbele ya gari zima.

Taa ikawa kijani, wa nyuma wakapiga honi, nikaendelea kusoma. Mzee Lo, yule mwenye kofia ya sufu hata Juni, akasema, "Nyamazeni, tusikie!" wakati hakuna aliyekuwa anaongea. Bibi wa kiti cha nyuma akaanza kulia. Nilipomaliza, mama yako alikuwa mwekundu kama pilipili.

"Tsai-o, una haki gani?"

"Sina. Nimesoma tu."

"Aniambie mwenyewe! Watu wa garini wanahusikaje?"

"Anakuogopa," Mzee Lo akasema. "Sisi sote tunakuogopa, dada."

"Wewe nyamaza na kofia yako! Hapana. Mwandikie hapana."

"Mwanangu mimi hajawahi kuniuliza," Mzee Lo akasema polepole. "Miaka sita napanda gari hili. Hajauliza hata mara moja. Ningekataa, lakini angeuliza."

Nikatia gia, nikawapeleka hospitali.

Nilimrudisha jioni. Njia nzima nilimuuliza, na njia nzima alijibu hapana. Nikamwambia wamekupangia vipimo mwanzo wa Julai, hapana. Nikamwambia kundi la damu linaafikiana, akasema hapana, na nisimletee mambo ya makundi. Nilimwambia bado ana hasira na wewe kwa sababu umefanana naye, akasema nisimamishe gari atembee. Sikusimamisha. Tulipofika getini kwake akateremka mwenyewe, akakataa mkono wangu, akachukua kikapu na blanketi. Akaenda hatua chache. Halafu akarudi, akagonga kioo cha dirisha langu. Nikakishusha.

Hakuniangalia. Alikuwa anaangalia kule kwenye mashamba ya chai.

"Mwandikie," akasema, "wakimtoa damu tena wasihangaike na mkono wa kushoto. Mishipa ya kushoto inajificha tangu utoto wake, walimchomachoma sindano mpaka akazimia. Wachukue wa kulia."

Tsai-o